Usiku wa kauboi wa kanisa na shule: zilindeni dakika ishirini za kuchangia

Parokia nyingi za Marekani zenye shule huandaa karamu moja kubwa ya uchangishaji kila mwaka, na mtindo wa kauboi unapendwa kwa sababu nzuri: hakuna anayelazimika kukodi suti. Suruali ya jinzi, buti na shati la drafti watu wanavyo kabatini. Fundi bomba na daktari huketi meza moja wamevaa sawa, na mtu anayejiona yuko nyumbani haoni haya kuinua mkono. Hatari yake ni kwamba mtindo huu una mapambo na michezo mingi mno. Kamati inahangaika miezi kadhaa na magurudumu ya mkokoteni, kisha saa ya kuomba pesa inafika wageni wakiwa nje wanapiga picha na fahali wa mashine, yaani fahali bandia anayemrusharusha mpandaji.

Tiketi hulipia chakula na, bei ikipangwa vizuri, ukumbi. Pesa zenyewe hutoka kwa wafadhili wa meza, yaani wanaolipia meza nzima, waliotafutwa mapema, kwenye mnada, na zaidi kwenye wito wa kuchangia: zile dakika ishirini hivi ambazo mnadi hutaja kiwango, wageni wakainua vibao vyao vya namba, na hakuna anayeondoka na kitu mkononi. Mapambo, chakula, michezo na ratiba vyote vipangwe kuzunguka dakika hizo.

Anzeni na tarehe na mnadi, miezi tisa kabla. Wanadi wazuri wa hafla za hisani hushikwa mapema kwa Jumamosi za masika, na tofauti kati yao na baba mchangamfu wa parokia aliyekubali kushika kipaza sauti huonekana kwenye hesabu. Epukeni Kwaresima, kwani nyama ya moshi na Ijumaa ya kufunga nyama haviendi pamoja, na hata Jumamosi yake watu wengi wanajizuia. Epukeni pia wikendi ya Komunyo ya Kwanza na likizo ya masika ya shule. Kama kuna misa ya mkesha saa 11 jioni, fungueni milango saa 12 na nusu ili watu watoke kanisani waje moja kwa moja.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Saa 12 na nusu mapokezi na mnada wa kimya, ambapo wageni huandika dau lao kwenye fomu au hulipandisha kwa simu. Saa 1 na robo sala ya paroko na chakula. Saa 2 kasoro dakika kumi mnada wa kimya unafungwa. Saa 2 kamili mnada wa sauti. Wito wa kuchangia unaingia mnamo saa 2 na dakika 20, na ifikapo saa 3 na robo maombi yote ya pesa yamekwisha. Muziki na dansi baadaye. Mkichelewesha hadi saa 4, walezi wa watoto nyumbani wameanza kupiga simu, na wenye uwezo mkubwa ndio wa kwanza kuaga.

Mahali pa wito katika mnada ni jambo la kubishaniwa, na sisi tunashikilia katikati: baada ya kitu cha tatu kati ya saba. Ukiuweka mwanzo, wanaotaka safari au ndama mzima huzuia mifuko yao. Ukiuweka mwisho, walioshindwa mnadani wameshasimama kwenda kuongea. Katikati ukumbi umechangamka na kila mtu bado amekaa.

Chagueni hitaji moja tu linaloonekana kwa macho, kama paa la jengo la chekechea, vifaa vya maabara au mfuko wa ada kwa familia zisizomudu. Maneno kama "kuendeleza utume wa shule" hayainui kibao. Msemaji awe mmoja, mzazi au mhitimu, dakika tatu, na asome alichoandika. Akimaliza, mnadi aanze palepale, bila tangazo la gari lililoegeshwa vibaya katikati.

Anzeni juu mkishuka: dola 5,000, 2,500, 1,000, 500, 250, 100. Anayeweza kutoa 2,500 akisikia 100 kwanza atainua kibao kwa 100, na moyo wake utakuwa umetulia. Wiki kadhaa kabla, paroko au mwalimu mkuu azungumze ana kwa ana na watu wawili au watatu ili kila moja ya ngazi mbili za juu iwe na angalau kibao kimoja cha uhakika. Mnadi akitaja 5,000 ukumbi ukanyamaza, ukimya huo unashuka naye hadi 500. Kama hamna mtu wa 5,000, anzeni mahali mlipo na mtu. Mnadi asome kila namba kwa sauti na kushukuru, huku waandishi wawili, mmoja kila upande, wakiandika kila mmoja orodha yake. Namba iliyokosewa ni mchango uliopotea, au Jumatatu yenye simu ya aibu. Kwenye dola 100 mpeni kila mtu nafasi, msiharakishe: hapo ndipo walimu na wazazi vijana wanapoingia, nao wanastahili kutajwa kama wa 5,000.

Sauti huharibu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ukumbi wa mpira wa kikapu una sakafu ngumu na kuta tupu, na spika mbili za mbele huwafikia walio mbele tu. Wa nyuma wasiposikia huanza mazungumzo yao, na mazungumzo hayo hufunika hata waliokuwa wakisikia. Wekeni spika ndogo nyingi pande zote badala ya kubwa mbili, na mjaribu ukumbi ukiwa na kelele. Taa nazo: giza la kimahaba lenye vitaa vya njano ni zuri wakati wa chakula, lakini mnada ukianza washeni. Mnadi haoni kibao gizani, na watu hawainui mkono pale ambapo jirani hawaoni.

Vitu vya mnada wa sauti visizidi vinane. Vinavyopanda dau kuliko vyote havinunuliki dukani: benchi la mbele kwa familia moja kwenye misa ya Krismasi (paroko akubali kwanza), viti vya kwanza kwenye mahafali, nafasi ya kuegesha gari mlangoni pa shule mwaka mzima, mtoto kuwa mwalimu mkuu kwa siku moja. Kazi za darasa nazo. Kwa mtindo huu, blanketi la vipande vya leso za kauboi, kila mtoto akiwa ameweka jina au alama ya kidole kwenye kipande chake, huwagombanisha mababu na mabibi kwa upendo. Hakikisheni hakuna mtoto aliyekosekana. Mzazi asiyeona jina la mwanawe hatashika kibao, na ana haki.

Mnada wa kimya haufai kula nguvu zenu. Kitu kimoja kwa kila wageni wawili au watatu kinatosha. Vikizidi, bei zinaanguka kwa sababu wanunuzi ni walewale. Vocha tano ndogo za mikahawa ziwe kapu moja. Dau la kuanzia liwe kati ya asilimia 30 na 50 ya thamani, na nyongeza kama asilimia 10. Kama dau hupandishwa kwa simu, pimeni intaneti ya ukumbi siku kabla kwa simu nyingi kwa pamoja, na muwe na fomu za karatasi chini ya meza.

Sasa mapambo. Marobota ya majani makavu yanapendeza, lakini kila robota la kamba mbili lina kilo 18 hadi 25, linamwaga vumbi, linachokoza pumu, na wakaguzi wa zimamoto katika miji mingi hawaruhusu majani yasiyotiwa dawa ya kuzuia moto ndani ya ukumbi wa watu. Yawekeni nje, penye kona ya picha, na mchague mabua ya ngano badala ya majani ya malisho, kwani yana vumbi na mbegu chache. Mishumaa iwe ya betri. Sakafu ya mbao ya uwanja funikeni, visigino vya buti vinaacha alama. Katikati ya meza, buti kuukuu lenye chupa ya maji na maua ndani litakuwa karibu bure parokia ikiombwa kuleta buti zilizochakaa. Lisizidi sentimita 30, la sivyo walioketi hawaonani wala hawamwoni mnadi. Mabango ya "Anatafutwa" yenye picha za walimu ni ya kuchapisha tu, na watu huzunguka ukumbi wakiyatafuta, kwa hiyo yatundikeni juu ya meza za mnada wa kimya. Meza ya duara ya inchi 60 hukaa watu wanane. Kumi hubanana.

Kwenye mwaliko andikeni wazi mambo mawili. Kwanza, bunduki haziletwi, hata za kuchezea, maana mko kwenye uwanja wa shule. Pili, mavazi ni ya wachunga ng'ombe na wakulima, si ya kuwaigiza Wahindi Wekundu kwa manyoya kichwani. Wenyeji asili wa Marekani ni watu walio hai, huenda wengine ni waumini wenu, na kanisa lililowahi kuendesha shule za bweni zilizowatenga watoto wao na lugha zao halina ruhusa ya kufanya mzaha huo. Pambeni ukumbi kwa historia ya kweli badala yake: kazi ya kauboi ilitoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko, ambao lugha yao ndiyo iliyotoa neno rodeo, yaani mashindano ya kauboi, na kati ya waliosafirisha ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwamo Weusi wengi. Shule ina watoto wa asili hizo zote.

Chakula kina kielelezo chake. Mwaka 1866 Charles Goodnight alibuni gari la jikoni lililofuatana na makundi ya ng'ombe, na chakula chake, yaani maharage, nyama, mikate midogo na kahawa, ni rahisi kupika kwa wingi hata leo. Hesabu ya nyama ndiyo huwakosesha wengi. Mgeni mmoja hula gramu 200 hivi za nyama iliyoiva. Kidari cha ng'ombe kikipikwa kwa moshi hupoteza karibu nusu ya uzito, mafuta na maji yakiisha kutoka, kwa hiyo wageni 240 wanahitaji kilo 48 zilizoiva, ambazo ni karibu kilo 96 mbichi. Mkiongeza kuku mnaweza kupunguza. Nyama ikae kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi hadi inapopakuliwa. Foleni mbili za kupakulia, kila moja ikiwa na pande mbili, humaliza wageni hao kabla ratiba haijavurugika. Foleni moja haimalizi.

Michezo ifungwe chakula kinapoanza. Fahali wa mashine anahitaji bima, fomu za kukubali hatari, msimamizi wa kampuni yake, na kupandwa kabla ya pombe. Gharama yake mara nyingi ni kubwa kuliko anachoingiza, na kwa maoni yetu hana haja. "Jela" ya mbao inashinda: dola 20 kumfunga rafiki dakika tano, dola 20 kumtoa. Fungeni wafadhili na mapadri, msimfunge mtu ambaye atabaki ndani kwa kukosa dola 20.

Upande wa sheria usiachwe wiki ya mwisho. Bahati nasibu hutawaliwa na sheria za kila jimbo la Marekani: mahali pengi kanisa linahitaji kibali, na Utah na Hawaii hazina nafasi ya bahati nasibu hata ya hisani. Pombe nayo ina kibali cha muda na bima yake. Kwa kodi ya serikali kuu, mgeni akilipa zaidi ya dola 75 na kupata kitu, mnatakiwa kumwandikia makadirio ya thamani ya alichopata. Tiketi ya dola 100 yenye chakula na burudani vya dola 60 inampa mchango wa dola 40 tu. Kutompa maelezo hayo kuna faini ya dola 10 kwa kila mchango, hadi dola 5,000 kwa hafla moja. Mchango wa dola 250 au zaidi unahitaji barua ya kuukiri. Tiketi ya bahati nasibu si mchango hata kidogo. Kwenye mnada, mnunuzi huhesabiwa kile tu alicholipa juu ya thamani ya kitu, na ni lazima awe alijua thamani hiyo, kwa hiyo ichapeni kwenye orodha. Waambieni mapema pia wanaotoa huduma au wiki moja ya nyumba yao ya mapumziko kwamba hawawezi kuipunguza kwenye kodi. Wakigundua Aprili wakijaza fomu za kodi, mwaka ujao hawatoi.

Chukueni kadi ya benki ya kila mgeni mapokezini, ili wakati wa kuondoka asipange foleni bali achukue tu alichonunua. Kadi ikikataa, mpigieni asubuhi ya Jumatatu, faraghani. Kitu ambacho mshindi amekiacha, mpeni wa pili kwa dau lake la mwisho. Stakabadhi na barua za shukrani zitoke ndani ya wiki mbili, zikiwa na sahihi ya kalamu, na pesa za wito ziingie kwenye hesabu yake pekee: zilizoombwa kwa paa hazinunui kompyuta. Paa likianza kuezekwa, pigeni picha na muwatumie wote walioinua kibao, hata wa dola 100.