Kabla ya Disney alikuwepo McCay
Wengi hudhani Walt Disney ndiye aliyeanzisha filamu za katuni za kuchora kwa mkono. Hapana ndugu, si yeye. Mwaka 1914, Winsor McCay, mchoraji katuni wa magazeti ya New York, alipoonyesha filamu ya dinosaria wake Gertie, Disney alikuwa bado kijana mdogo tu. Hata McCay hakuwa wa kwanza kabisa, maana Mfaransa Émile Cohl alimtangulia mwaka 1908. Ila Gertie ana tabia: akigombezwa, analia!

Kazi yenyewe sasa, we acha tu. Michoro maelfu kwa maelfu kwenye karatasi nyembamba, na kwa kuwa hakutumia zile plastiki angavu za kutenganisha mhusika na mandhari, milima na miti ilibidi ichorwe upya kila karatasi. Alikuwa na msaidizi mmoja, John Fitzsimmons, wa kunakili mandhari hayo.

Ukumbini McCay alisimama kando ya skrini na mjeledi mkononi, anajifanya kumrushia Gertie tunda, naye analidaka. Mwishoni McCay anapotea nyuma ya skrini, mara unamwona ndani ya katuni, kabebwa na Gertie.