Nyumba ya pampu na kibanda cha mlinzi: vinahakikiwa au vinaachwa?

SWALI: Nasimamia ujenzi wa kampasi ya chuo hapa Dodoma. Majengo matatu ya madarasa, kila moja mita za mraba 900, tumeyaandikisha LEED v4 (toleo la nne la mfumo wa Marekani wa kutoa vyeti kwa majengo rafiki kwa mazingira) kama kundi moja. Ndani ya uzio kuna pia kibanda cha mlinzi (mita za mraba 12), nyumba ya pampu na jenereta (60) na bwalo lenye jiko (640). Mkandarasi anasema majengo haya ya huduma hayaingii kwenye uhakiki wa mifumo (commissioning, yaani kupima kama mitambo inafanya kazi ilivyosanifiwa) kwa sababu si madarasa. Je, ni kweli? Na mhandisi aliyesanifu umeme wetu anaweza kuwa mhakiki?

JIBU: Mkandarasi wako anatazama jengo, lakini sharti linatazama mfumo. Uhakiki wa msingi katika LEED v4 ni wa lazima, na unagusa mitambo, umeme, mabomba na nishati jadidifu kwa kadiri vinavyohusu nishati, maji, hali ya hewa ya ndani na uimara. Hakuna mahali panaposema pampu ikiwa nje ya ukuta wa darasa inasamehewa.

Kwa hiyo nyumba ya pampu ndiyo ya kwanza kuandika kwenye mpango wa uhakiki, hata kama wewe unaiona banda tu. Pampu zile ni sehemu ya mfumo wa maji wa madarasa. Zipimwe zikifanya kazi kweli: je, zinapokezana kama ilivyosanifiwa? Tangi la chini likikauka, zinajizima au zinaendelea kuzunguka bila maji hadi ziungue? Mabomba machache yakifunguliwa, mwendo wa mota unapungua au unabaki uleule? Halafu kata umeme wa gridi makusudi, jenereta iwake, urudishe, uone kama vidhibiti vimeshika mipangilio yake au vimerudi ya kiwandani. Jaribio hili la mwisho huwa linarukwa, na kwa mazingira yetu mimi nisingesaini ripoti bila hilo. Jenereta yenyewe, mwenye mradi aseme anachotarajia katika waraka wake wa mahitaji, kisha ipimwe kwa kipimo hicho.

Kibanda cha mlinzi ni jambo dogo. Hakifiki mita za mraba 93, kiwango cha chini cha jengo jipya kupata cheti, kwa hiyo hakiwezi kusimama kama mradi wake. Kikiwa ndani ya mpaka wa mradi, unaruhusiwa kukijumuisha au kukiacha. Masharti ni kwamba ukichagua moja ulishike kwenye hesabu zote, si kukiacha kwenye nishati na kukirudisha kwenye maji. Ila angalia: kama swichi ya taa za nje za kampasi nzima imewekwa humo, taa hizo na kihisi chake zinahakikiwa hata kibanda kikiachwa.

Bwalo ndilo linalotaka uamuzi. Kwa mita 640 linastahili cheti, hivyo unaweza kuliacha au kuliandikisha peke yake. Kuliingiza kwenye kundi ni hadithi nyingine, kwa kuwa kundi ni la majengo yanayofanana, na jiko halifanani na darasa. Ningelitenga. Likiandikishwa, feni ya kufyonza moshi ipimwe pamoja na feni inayoleta hewa safi, kwa sababu moja ikifanya kazi bila nyingine milango inakuwa migumu kufunguka na moshi unarudi kwa wapishi. Maji moto nayo yapimwe, hasa kama sola ina kipasha cha umeme cha akiba. Kidhibiti joto kikikosewa, umeme ndio unaochemsha maji mchana kutwa huku jua likiwaka bure.

Kuhusu mhandisi wako: hapana. Aliye kwenye timu ya usanifu au ujenzi anaruhusiwa kuhakiki pale tu mradi uko chini ya mita za mraba 1,860. Usishawishike kwamba kila darasa lina 900. Kundi ni mradi mmoja, na jumla yako ni 2,700. Mhakiki anaweza kuwa mwajiriwa wa chuo mwenye sifa au mshauri wa kujitegemea, mradi awe ameshafanya kazi hiyo kwenye angalau miradi miwili ya upeo unaofanana, tangu usanifu wa awali hadi miezi 10 ya matumizi. Anatakiwa awepo kabla hatua ya kuendeleza usanifu (ile inayotangulia michoro ya mwisho ya ujenzi) haijaisha. Kama michoro yenu imeshavuka hapo, mtafuteni wiki hii, apitie waraka wa mahitaji na maelezo ya usanifu kabla pampu hazijaagizwa.

Majaribio yote niliyotaja yaingie kwenye nyaraka za zabuni, pamoja na nani analipa jaribio likirudiwa baada ya kushindwa. Yasipoandikwa humo, mkandarasi atadai malipo ya ziada kwa kila valvu utakayomwambia aifungue, na kisheria atakuwa na haki.