Usiiuze Luigi's Mansion 3 kisa yule paka

Umesema umekwama kwa Polterkitty, yule paka mzimu aliyeiba kitufe cha lifti, na unataka kuiuza hii gemu ya Luigi kuwinda mizimu hotelini, aisee subiri kwanza. Yule paka ukimkodolea macho hakusogelei, we mgeuzie mgongo kabisa, tulia, akishanyatia karibu geuka fasta umpige mwanga wa tochi halafu mvute mkia na ile mashine ya Luigi ya kufyonza. Watu wengi wanakosea hapo kwenye kugeuka, wanageuka mapema mno.

Ila nakuelewa, kumfukuza ghorofa moja hadi nyingine kunachosha na naona waliotengeneza gemu waliirefusha tu hiyo sehemu. Tena jiandae na lile boya la kuelea unalopanda kwenye basementi ya B2, ukipuliza hewa na mashine unaenda upande wa pili na miba iko kila kona, pale nenda taratibu tu. Pesa nazo zinamwagika kila sehemu lakini cha kununua hamna, mi ningechukua mfupa wa dhahabu tu maana ukifa unakufufua.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye vitu vidogo, Luigi anatetemeka kila mlango halafu anauimba muziki wa gemu kwa kuguna, unavuta mapazia, unavuta shuka, unambamiza mzimu sakafuni vyombo vinaruka huku na huku, hiyo raha haiishi kabisa! Na kama una mdogo wako hapo mpe Gooigi, yule pacha wa Luigi wa utelezi wa kijani, mcheze wawili, mwambie tu asiguse maji maana anayeyuka.