Maswali ya Wasomaji: Kurudia GMAT Baada ya Kupata 525

Swali: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mhasibu, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Mwezi uliopita nilifanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara, nikapata 525: hesabu 79, lugha 78, data 71. Nataka angalau 605. Nimeshaanza kurudia hesabu tangu sura ya kwanza, kwenye kitabu cha mtumba cha mwaka 2019. Je, nimeanza vizuri? Na nisubiri muda gani kabla ya kurudia mtihani?
*Mhasibu, Mwanjelwa*

Jibu: Ndugu mhasibu, kifunge hicho kitabu. Kilichapwa kabla mtihani haujabadilishwa. Toleo la sasa lilianza mwishoni mwa 2023, na tangu Februari 2024 ndilo pekee linalofanywa. Insha haipo tena, maswali ya kusahihisha sentensi hayapo, na jiometri imetolewa kwenye sehemu ya hesabu. Ukikifuata kitabu hicho utatumia wiki nzima kwenye pembetatu ambazo hutaulizwa. Hata alama zake zitakupotosha, kwa sababu kipimo cha zamani kiliishia 800 na cha sasa kinaanzia 205 hadi 805. Alama 645 ya leo ndiyo inayokaribiana na 700 ya wakati ule.

Sasa tazama alama zako. Sehemu zote tatu zina uzito sawa, na kila moja hupimwa kuanzia 60 hadi 90. Ukijumlisha zako unapata 228. Ili ufike 605 unahitaji jumla ya karibu 240, yaani alama 12 zaidi, na kila alama moja ya sehemu inakuletea takriban 6 au 7 kwenye jumla kuu. Wengi wakifeli hukimbilia hesabu, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea tangu shuleni. Kwako alama zilizo rahisi kuokota ziko kwenye data, sehemu ambayo kwenye skrini inaitwa Data Insights. Sita zitoke huko, tatu kwenye lugha, tatu kwenye hesabu.

Kabla ya kusoma chochote, fungua ripoti yako ya matokeo. Inaonyesha ulivyofanya kwa kila aina ya swali na muda ulioutumia. Kisha chukua daftari la mistari na kila swali unalokosa uliandike hivi: aina yake, dakika ulizotumia, jibu ulilochagua, na sababu. Sababu ziwe tatu tu: sikujua, nilisoma vibaya, muda ulinibana. Usikubali kuandika "uzembe". Neno hilo halikuambii cha kufanya kesho. Baada ya siku kumi rudia maswali hayohayo bila kuangalia majibu. Ukikosa tena lile uliloandika "nilisoma vibaya", ujue tatizo halikuwa kusoma, hukulijua.

Tukae kidogo kwenye maswali ya utoshelevu wa data, maana hapo ndipo wahasibu huumia. Unapewa swali na taarifa mbili. Huulizwi jibu ni ngapi, unaulizwa kama taarifa zinatosha kulipata. Mfano: mchuuzi wa Uyole alinunua gunia la viazi akaliuza. Alipata faida ya asilimia ngapi? Taarifa ya 1: bei ya kuuza ilizidi ya kununua kwa shilingi 12,000. Taarifa ya 2: bei ya kuuza ilikuwa mara 1.25 ya bei ya kununua.

Taarifa ya 2 peke yake inatosha: faida ni asilimia 25, gunia liwe la bei yoyote. Taarifa ya 1 peke yake haitoshi. Lakini mhasibu anataka vitabu vilingane, kwa hiyo anaziunganisha zote mbili, anapata kununua 48,000 na kuuza 60,000, anafurahi, anachagua "zote mbili kwa pamoja". Amekosa, na amepoteza dakika tatu. Dawa yake: soma taarifa ya 1, amua, andika, kisha ifunike kwa mkono kabisa ndipo usome ya 2. Kuziunganisha ni hatua ya mwisho, tena pale tu ambapo kila moja imeshindwa yenyewe.

Mtego wa pili uko kwenye maswali ya ndiyo au hapana. Ukiulizwa kama namba nzima n ni shufwa, na taarifa ikasema n kwa kipeo cha pili ni witiri, jibu ni hapana, tena hapana ya uhakika. Basi taarifa imetosha. Watu huiona "hapana" wakadhani taarifa imeshindwa.

Kwenye majedwali, grafu na maswali yenye vyanzo viwili au vitatu, usisome kila namba kana kwamba unakagua hesabu za mwaka. Angalia vichwa vya safu, vipimo na maelezo ya chini, halafu nenda kwenye swali. Swali likiwa na vipengele vitatu, lazima vyote viwe sahihi. Hakuna nusu alama. Kikokotoo kipo kwenye skrini katika sehemu hii tu, si kwenye hesabu, na ni kizito kukitumia. Pale majibu yanapoachana mbali, kadiria kwa kichwa.

Muda: data ina maswali 20, hesabu 21, lugha 23, kila sehemu dakika 45. Kwenye data, ukimaliza swali la 5 saa ionyeshe zimebaki dakika 34 hivi. La 10, dakika 22. La 15, dakika 11. Ukiwa nyuma kwa dakika tatu, chagua swali moja refu, bahatisha, songa. Huwezi kuruka swali bila kujibu, na kuacha ya mwisho wazi kunakata alama kuliko kukosa. Unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu matatu kwa kila sehemu, lakini endapo muda umebaki tu. Kwa hiyo weka alama kwenye yale unayosita kati ya majibu mawili, usijisumbue na yale usiyoyaelewa kabisa.

Lugha ina ufahamu na uchambuzi wa hoja. Kwenye hoja soma swali kwanza, tafuta hitimisho la mwandishi, na ujiulize ameacha pengo gani kabla ya kutazama majibu.

Sheria inakutaka usubiri siku 16, na unaruhusiwa mara 5 ndani ya miezi 12. Siku 16 hazikutoshi. Chukua wiki 10: saa moja na nusu jioni nne za wiki, na saa tatu Jumamosi. Mitihani ya majaribio rasmi iko sita, miwili ni ya bure. Itunze, uifanye kuanzia wiki ya 5, mmoja kila baada ya siku saba au zaidi. Kuurudia uleule mapema hukuletea maswali uliyokwisha kuyaona, na alama inayopanda hapo ni ya kumbukumbu tu.

Swali: Nataka kufanyia nyumbani, Mafinga. Umeme unakatika. Nifanyeje?
*Mwalimu, Mafinga*

Jibu: Mwalimu, kompyuta mpakato yenye betri ya kukaa saa tatu na UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta vinatosha, kwa sababu mtihani ni saa 2 na dakika 15 pamoja na mapumziko ya dakika 10 ukitaka. Epuka kompyuta ya ofisini. Ulinzi wake mara nyingi huizuia programu ya mtihani. Fanya jaribio la mfumo wiki moja kabla, saa ileile utakayofanyia. Skrini iwe moja, chumba kiwe na mtu mmoja, karatasi hairuhusiwi. Tumia ubao mweupe mdogo usiozidi takriban sentimita 30 kwa 50. Pasipoti iwe na jina lilelile ulilojisajilia, herufi kwa herufi.

Ukiweza, chagua Juni hadi Oktoba, mvua isije ikapiga bati katikati ya sehemu ya lugha. Ila asubuhi za Julai vidole hufa ganzi, kwa hiyo mchana ni bora. Na uthibitisho ukiandika 09:00, hiyo ni saa tatu asubuhi, si saa tisa alasiri.

Swali: Nikirudia nikapata chini zaidi, shule itaona?
*Msomaji, Njombe*

Jibu: Haitaona. Wewe ndiye unayechagua alama ipi itumwe, na alama hudumu miaka 5. Matokeo rasmi yakitoka una saa 48 za kuzipelekea shule tano bila malipo, basi majina ya shule uwe nayo tayari.