Swali la Lugha: Mhafidhina anawezaje kutaka kubadilisha katiba?

SWALI: Nimesoma habari yenye kichwa "Wahafidhina wa Japani wataka kurekebisha katiba". Shuleni tulifundishwa kwamba mhafidhina ni mtu asiyependa mabadiliko. Je, kichwa hicho hakijipingi? Na neno kurekebisha ni sahihi hapo, au ingefaa kubadilisha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kichwa hicho hakijipingi, ingawa sishangai kwamba kimekukwaza. Mhafidhina ni neno la ukoo mmoja na hifadhi, mhifadhi na hafidhi, yule aliyeihifadhi Kurani moyoni, kwa hiyo kiini chake ni kutunza kitu kisipotee, wala si kukataa kila badiliko. La kuuliza ni kitu gani kinachotunzwa. Rasimu iliyokuwa msingi wa Katiba ya Japani iliandaliwa Februari 1946, kwa muda wa wiki moja hivi, na maofisa wa makao makuu ya Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani, wakati nchi ikikaliwa na majeshi yaliyoishinda vitani. Bunge la Japani liliijadili na kuipitisha, na ikaanza kutumika Mei 3, 1947. Machoni pa wahafidhina wa huko, hata hivyo, andiko hilo lilibaki kuwa la kuletewa, na kinachostahili kuhifadhiwa ni cha kale kuliko hilo: nafasi ya Mfalme, desturi za familia, na dola yenye uwezo kamili wa kujilinda. Ndiyo maana chama chao kikuu, kilichoundwa 1955, kimeliweka suala la katiba katika malengo yake tangu mwanzo, ilhali wanaoitwa kwa Kijapani goken, yaani walinda katiba, wengi wao ni wa mrengo wa kushoto. Maana uliyofundishwa shuleni ni finyu tu.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Kurekebisha ni kitenzi chenye hukumu ndani yake, kwa sababu mtu hurekebisha saa inayochelewa au mkao uliopinda, na hakuna anayerekebisha kitu ambacho hajakubali kwamba kina kasoro. Wajapani wanaijua vizuri hali hii. Neno rasmi katika Ibara ya 96 ya katiba yao ni kaisei, ambalo sehemu yake ya pili ina maana ya usahihi. Wapinzani wa mabadiliko hujibu kwa neno kaiaku, ambalo sehemu hiyo imeondolewa na kuwekwa ubaya. Kwetu, Ibara ya 98 ya Katiba ya Tanzania imechagua kubadilisha kuwa neno pana, kisha ikaeleza kwamba kurekebisha na kusahihisha ni miongoni mwa maana zake. Naona mpangilio huo unafaa kuigwa. Mwandishi asiyetaka kuegemea upande aseme kubadilisha, na marekebisho ayaache kwa wanaoyapendekeza, au kwa mahali ambapo neno hilo limekwisha kuwa istilahi ya kisheria, kama lilivyozoeleka sana Kenya.

Kuna mtego mwingine katika habari hizi ambao hukuuliza, nao hunisumbua zaidi ya huo wa kurekebisha. Ibara ya 9 inakana vita na kusema kwamba Japani haitakuwa na majeshi ya nchi kavu, ya majini wala ya anga. Mwaka 1954 vilianzishwa vyombo vinavyoitwa Jieitai, yaani vikosi vya kujihami, na waliovipa jina walikwepa kwa makusudi gun, neno la Kijapani la jeshi. Mwandishi wetu anapoandika "Jeshi la Kujihami la Japani", anafuta kwa kalamu moja utata ambao Wajapani wamebishana juu yake kwa miongo saba. Rasimu ya 2012 ya chama kile kikuu cha wahafidhina ilitaka chombo hicho kiitwe jeshi la ulinzi wa taifa, na msomaji ambaye tangu mwanzo ameandikiwa jeshi hawezi kuelewa ni nini kilichokuwa kikibadilika. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Shinzo Abe alipendekeza njia laini zaidi, kwamba aya zilizopo za Ibara ya 9 zibaki na Jieitai itajwe kwa jina lake hilohilo. Tuandike Vikosi vya Kujihami. Najua kwamba Tanzania neno jeshi ni pana, hata tuna Jeshi la Polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lakini upana huo msomaji hatauona anaposoma habari za Tokyo.

Vilevile jihadhari na tafsiri. Mwaka 2014 baraza la mawaziri la Abe liliamua kwamba Japani inaweza, kwa masharti, kusaidia kumlinda mshirika wake anaposhambuliwa, bila kugusa hata herufi moja ya katiba. Ukiandika "tafsiri mpya ya Ibara ya 9", yupo atakayedhani kwamba ibara imetolewa upya kutoka lugha moja hadi nyingine, kwa kuwa neno letu linabeba kazi zote mbili. "Serikali iliipa Ibara ya 9 maana mpya" ni sentensi ndefu kidogo, lakini haimpotezi mtu.

Tukirudi kwenye kichwa chako, neno wataka liko mahali pake. Ibara ya 96 inadai theluthi mbili ya wabunge wote wa kila baraza la Bunge, kisha wingi wa kura za wananchi, na hadi leo hakuna pendekezo lililowahi kufikishwa kwa wananchi, wala neno lililobadilishwa katika katiba hiyo. Kura hiyo ningeiita kura ya maamuzi, kama wafanyavyo Wakenya, maana kura ya maoni Tanzania humkumbusha mtu pia mchujo wa wagombea ndani ya chama. Kichwa chenyewe ningekiandika hivi: "Wahafidhina wa Japani wataka kubadilisha katiba".