Mzee kafungwa kidude nyuma ya sikio, kimepima nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu ana miaka 67, kafanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kubangulia korosho na siku hizi tivii anaifungulia mpaka majirani wanasikilizia kwao taarifa ya habari, ukimsemesha anakwambia nasikia ila sielewi unachosema. Hospitali wakamchungulia masikio, wakamwingiza kwenye kachumba kakimya, kwanza hedifoni, afu wakamfunga kidude kigumu kwenye mfupa nyuma ya sikio huku sikio la pili wanalipigia kelele kama redio isiyoshika stesheni. Wakasema tatizo ni sikio la ndani. Mjomba anabisha, eti ni nta tu, tumtie mafuta ya nazi ya moto. Hivi kweli mfupa unasikia? Binti wa Mikindani.

JIBU: Marahaba binti. Hayo mafuta yarudishe jikoni, yanaunguza, na sikio si walilichungulia? Nta ingekuwepo wangeiona.

Sasa chukua korosho ya kukaanga, ziba masikio yote kwa vidole, tafuna. Umesikia huo mtafuno? Tundu umeziba, kwahiyo sauti imepita kwenye taya na fuvu mpaka kwenye koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono, ambacho ndo kinageuza mtetemo kuwa taarifa ya ubongo. Kidude cha mzee kinafanya hivyohivyo, kinatikisa mfupa na kuruka tundu, ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vya katikati. Yaani hedifoni inapima njia nzima, kidude kinapima mwisho wa njia. Mtu akianza kusikia kwenye desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa hedifoni lakini kwa mfupa anasikia hata 10, koklea ni nzima, kuna kitu kimeziba au kimeharibika njiani, inaweza kuwa nta, usaha, ngoma iliyotoboka. Ikiwa huku 50 na huku 50, nta haina kesi.

Ile kelele watu wengi wanailalamikia lakini ina kazi yake. Ukitikisa fuvu upande mmoja koklea zote mbili zinasikia, sasa sikio zima linamjibia mwenzake kama mwanafunzi anayempa rafiki majibu, ndo maana linapewa kelele lishughulike nayo.

Na wala sio mambo mapya, Wajerumani Weber mwaka 1834 na Rinne 1855 waliyaeleza kwa kutumia chuma chenye umbo la uma, na mpaka leo madaktari wanakigonga na kukiweka kwenye paji la uso.

Hiyo ya "nasikia ila sielewi" ndo inayonifanya niwaamini waliompima. Kelele za mashine huanza kula sauti nyembamba, hasa kwenye mitetemo kama 4000 kwa sekunde, umri nao unaongezea, kwahiyo irabu mzee anazipata ila s, f, t zinapotea, "paka" na "taka" kwake kitu kimoja. Vinyweleo vya koklea, vile vinavyopokea mtetemo, vikifa havioti tena, kwahiyo msihangaike na dawa za matone, ulizieni shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Ila sikio likizima ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura, siku hiyohiyo hospitali.

Na mkiongea naye kaeni mbele yake aone midomo, msimwite kutokea uani.