Ndimu usoni

SWALI: Kila usiku nasugua uso kwa ndimu na sukari ili madoa ya chunusi yafutike. Mashavu yanawasha na yamezidi kuwa meusi. Nifanyeje?

JIBU: Acha leo hii. Ndimu ina pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya takriban 2, ngozi takriban 5, kwa hiyo inaunguza. Sukari nayo inachubua. Kibaya zaidi, ndimu ina kemikali zinazoamshwa na jua: ngozi hubabuka, kisha weusi hukaa miezi.

Kwa wiki mbili nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, paka vaselini tu. Ukipona, anza krimu ya niasinamidi (aina ya vitamini B3) asilimia 5 usiku, na losheni ya jua SPF 30 kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. (Mkorogo wa sokoni usiuguse: mara nyingi una steroidi au zebaki.) Malengelenge yakitokea, muone daktari wa ngozi.